Matone kumi hayafanyi mshumaa unukie

Ndugu Mhariri,

Ushauri wa kutengeneza mshumaa wa kutuliza nyumbani umeenea sana siku hizi, na karibu wote una maneno yale yale: yeyusha kikombe cha nta, tia matone kumi ya mafuta ya lavenda, mimina kwenye glasi, acha ugande. Tunaomba nafasi katika safu yako tuyasahihishe maneno hayo. Mtu hununua chupa ndogo ya mafuta kwa bei ya kuumiza, akafuata maelekezo neno kwa neno, akawasha mshumaa wake usiku, asisikie harufu ila ya utambi unaoungua. Hapo huambiwa ameuziwa mafuta bandia. Mara nyingi mafuta hayana kosa. Kosa liko kwenye kipimo.

Tuhesabu pamoja. Mililita moja ya mafuta haya hutoa matone 20 hadi 30, kutegemea mdomo wa chupa. Kwa hiyo matone kumi hayafiki hata nusu gramu. Ukiyachanganya na gramu 200 za nta, ambazo ni mshumaa wa kawaida wa glasi, umetia chini ya robo ya asilimia moja. Mshumaa unaonukisha chumba unataka asilimia 5 mpaka 8 ya uzito wa nta, yaani gramu 10 mpaka 16. Hiyo ni zaidi ya mara ishirini ya yale matone. Na tunasema gramu, si mililita wala kijiko, kwa sababu mafuta hayalingani uzito: mililita moja ya mafuta ya maganda ya chungwa ina gramu 0.84 hivi, na ya karafuu inapita gramu 1. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha kuanzia. Inayosoma sehemu ya kumi ya gramu ni bora zaidi, maana ukitaka gramu 1 ya karafuu hutaki kutia mbili.

Kipimo kikishajulikana ndipo linapokuja swali ambalo watu hulianza kabla ya wakati wake: mafuta tete au mafuta ya manukato?

Mafuta tete ni yale yaliyokenekwa, yaani kuvutwa kwa mvuke, kutoka kwenye maua, majani, magome au mizizi, au kukamuliwa kwenye maganda kama ya chungwa na limau. Wapo wanaoyaita "mafuta muhimu", jina lisilomweleza mnunuzi chochote. "Tete" linasema ukweli wake: yakiachwa wazi, yanaruka hewani na kwisha. Mafuta ya manukato ni mchanganyiko uliotungwa na mjuzi wa harufu, wenye viungo vilivyotengenezwa kiwandani na mara nyingine mafuta tete ndani yake. Ugomvi wa kipi ni cha asili na kipi ni sumu umewapoteza wengi. Yujenoli ya karafuu, sitrali ya mchaichai, linalooli ya lavenda na limonini ya chungwa zote zimo katika orodha ya viungo ambavyo sheria ya vipodozi ya Umoja wa Ulaya inataka vitajwe kwenye lebo, kwa kuwa huwasha ngozi za baadhi ya watu. Zote zinatoka kwenye mimea. Mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa mishumaa na kiwanda kinachotoa karatasi zake za usalama yanaweza kuwa salama zaidi kuliko chupa ya mafuta ya asili isiyojulikana imetoka wapi.

Swali lenye manufaa kwa mtengenezaji ni hili: mafuta haya yatafanya nini ndani ya dimbwi la nta ya moto kwa saa tatu?

Mshumaa ukiwaka, nta iliyo karibu na utambi huyeyuka na kufanya dimbwi. Sehemu ya nta hiyo hupanda utambi na kuungua, na mafuta yaliyo ndani yake huungua pamoja nayo, yamekwisha. Harufu unayoisikia hutoka hasa kwenye uso wa dimbwi, ambako mafuta huvukizwa polepole. Mafuta mepesi mno hutoroka yote mwanzoni, na mengine hutoroka hata kabla, wakati nta ingali kwenye sufuria. Mafuta mazito mno hukaa chini, huganda kwenye nyuzi za utambi na kuuziba. Mshumaa mzuri una mchanganyiko: chepesi kidogo cha kuanzia, cha kati kwa wingi, na kizito cha kushikilia.

Chungwa, limau na ndimu ni nyepesi kuliko zote. Ndiyo maana mshumaa wa mafuta tete ya chungwa hunukia vizuri ukiwa haujawashwa, kisha ukiwaka harufu inapotea. Usizidishe kipimo kwa kufikiri utaishinda hali hiyo. Mkaratusi nao ni mwepesi, tena huchangamsha kifua badala ya kulaza. Mchaichai una nguvu zaidi, na sitrali yake husikika chumba kizima, lakini ukipita theluthi ya mchanganyiko hufunika kila kitu na chumba kikanuka kama sabuni ya kufulia. Ubani huwadanganya wengi: kwa kuwa ni utomvu, hudhaniwa mafuta yake ni mazito. Mafuta ya ubani wa Omani kwa sehemu kubwa ni alfapinini, kiungo chepesi kinachoruka upesi. Harufu nzito tunayoijua kwenye chetezo ni ya utomvu wenyewe unaoungua juu ya makaa, na haiji kwenye chupa. Anayetaka uzito wa kushikilia atafute pachuli, mafuta mazito ya majani, au karafuu kidogo sana.

Hapa tunapenda kukaa kidogo na langilangi. Ni ua ambalo watu wa mwambao hawahitaji kuelezwa, linalochanganywa na asumini na kutandazwa kitandani kwa maharusi, na Komoro kwa miaka mingi imekuwa kinara wa mafuta yake duniani. Maua huchumwa alfajiri na kukenekwa siku hiyo hiyo, na kazi hiyo huchukua saa nyingi, mara nyingine kupita 15. Mkenekaji hagawi mafuta kwa kubahatisha. Yanayotoka mwanzoni huwekwa kando na kuitwa ekstra, kisha daraja la kwanza, la pili na la tatu. Yasiyogawanywa huitwa kamili. Ekstra ndiyo ghali, tamu na nyepesi, na wanaoigombania ni watengenezaji wa marashi. Kuitia kwenye mshumaa ni kuchoma pesa. Daraja la tatu lina utamu mchache wa ua lakini ni zito, linadumu kwenye dimbwi, na bei yake inabebeka. Kwa mshumaa nunua kamili au la tatu, na muuzaji asiyeweza kukwambia chupa yake ni daraja gani ni muuzaji wa kuagana naye. Anza kwa kiasi kidogo: langilangi ikizidi humpa mtu maumivu ya kichwa badala ya utulivu. Gramu 4 kwenye gramu 200 za nta zinatosha sana.

Karafuu ni jambo jingine. Pemba kuna kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, kinachokeneka mafuta kutokana na vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi na harufu kali kuliko mafuta ya karafuu zenyewe, ambayo yana utamu kidogo wa ziada. Kwa mshumaa tofauti hiyo haina thamani ya bei yake, makonyo yanafaa. Lakini yana masharti. Yakikaa kwenye chombo cha chuma cha kawaida huwa meusi, hivyo tumia glasi, enameli au chuma kisichoshika kutu. Usiyapimie kwenye kikombe cha plastiki cha kutupa, kwani yujenoli hulainisha baadhi ya plastiki, na mafuta ya maganda ya chungwa ndiyo huila kabisa ile plastiki nyeupe nyepesi ya vikombe vya chai. Na zaidi ya hayo yote, karafuu kwa watu wengi ni harufu ya jino linalouma. Mtu ambaye amewahi kutiwa pamba ya mafuta ya karafuu kwenye jino bovu hatapumzika kwa mshumaa wa karafuu, hata lebo ikimwahidi vipi. Gramu 1 katika gramu 10 za mchanganyiko hutoa joto la viungo bila kumkumbusha hospitali.

Kuna majina matatu yanayotakiwa kumfanya mnunuzi asimame. La kwanza ni asumini. Ua hilo halistahimili mvuke. Mafuta yake halisi hutolewa kwa kiyeyushi, kwa gharama kubwa mno. Chupa ya "mafuta tete ya asumini" kwa bei ya soda ni manukato yaliyobadilishwa jina. Waridi nalo ni ghali vivyo hivyo, maana kilo moja ya mafuta yake hula zaidi ya tani tatu za maua. La pili ni udi. Udi halisi ni wa thamani kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayeuchoma ndani ya nta, na miti yake inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. La tatu ni sandali. Msandali wa Afrika Mashariki umevunwa kwa kung'olewa na mizizi mpaka Kenya ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES. Ukiupenda harufu yake, manukato ya kiwandani ndiyo uamuzi wa haki. Hatuoni aibu kusema hivyo: kwa asumini, waridi, udi na sandali, manukato yanashinda mafuta tete kwa kila hesabu.

Jinsi ya kuyajua mafuta dukani bila maabara? Tia tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache mpaka kesho yake. Mafuta tete mengi huondoka bila alama au huacha kivuli hafifu. Yakiacha doa linalopitisha mwanga kama karatasi ya vitumbua, yamechanganywa na mafuta ya kupikia au ya nazi. Pachuli na utomvu mzito huacha alama hata yakiwa safi, hayo usiyahukumu kwa kipimo hiki. Kwa karafuu kuna kipimo kizuri zaidi. Jaza glasi maji safi, dondoshea tone moja. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji: tone hujikunja, huzama taratibu na kukaa chini kama lulu ya rangi ya chai. Linaloelea na kutanda juu si karafuu tupu. Na lolote linalogeuza maji kuwa meupe kama maziwa lina kiyeyushi cha kuchanganyika na maji ndani yake, na hilo halifai kwa nta kabisa.

Hilo la mwisho ndilo chanzo cha mishumaa mingi kuzimika. Madukani, Kariakoo na kwingineko, huuzwa mafuta mazuri ya kujipaka na ya vifaa vya kunukisha chumba kwa umeme. Mengi yamezimuliwa kwa kiyeyushi kiitwacho dipropilini glaikoli au kwa spiriti. Glaikoli hiyo haichanganyiki vizuri na nta: hujitenga, hushuka chini ya glasi au kukaa juu kama umande, na utambi ukiinywa, moto hupepesuka kisha hufa. Spiriti ni hatari kwa sababu nyingine, hulipuka kwa moto. Ukinunua manukato, uliza swali moja lenye kukata: haya yametengenezwa kwa mishumaa? Kisha omba karatasi ya usalama na cheti kinachofuata viwango vya IFRA, shirikisho la kimataifa la watengenezaji wa harufu. Katika cheti hicho angalia kundi la 12, ndilo la mishumaa, usome kiwango cha juu kinachoruhusiwa. Angalia pia vanilini. Manukato yenye vanila hugeuza nta kuwa ya manjano na baadaye kahawia. Mshumaa haujaharibika kwa hilo, lakini aliyeahidi harusi mishumaa myeupe atapata aibu.

Kuhusu nta tutasema machache, na kwanza tuondoe mkanganyo unaoweza kuua: nta ya parafini si mafuta ya taa, ingawa kwa Waingereza mafuta ya taa nayo huitwa parafini. Mafuta ya taa hayatiwi kwenye mshumaa wa kumimina. Nta ya nyuki tunayo ya kutosha Tabora, Singida na Dodoma, ni ngumu, inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini ina harufu yake ya asali na hushikilia mafuta kwa ubahili, kwa hiyo lavenda na mengine ya upole hupotea ndani yake. Nta ya soya huachia harufu vizuri, ila nyingi huyeyuka karibu na nyuzi 50, na imefikiriwa kwa nyumba za nchi za baridi. Kuna maelekezo ya Ulaya yanayosema uongeze mafuta ya nazi ili mshumaa uwe laini. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24. Dar es Salaam au Mombasa hayagandi karibu mwaka mzima. Kuyatia ni kutengeneza uji. Kwa joto la pwani, soya gramu 160 na nta ya nyuki gramu 40 hutoa mshumaa unaosimama, na harufu ya asali inabaki nyuma.

Sasa kazi yenyewe, kwa gramu hizo 200. Changanya mafuta kwanza kwenye kikombe kidogo cha glasi: langilangi gramu 4, mchaichai 3, pachuli 2, karafuu 1. Jumla gramu 10, yaani asilimia 5. Anayetumia manukato apime gramu 12 hadi 14, ila tu kama cheti kinaruhusu. Weka nta kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, moto mdogo, na kipimajoto ndani ya nta. Nta yote ikishayeyuka, ipandishe mpaka nyuzi 80 hivi, kisha zima jiko na uitoe sufuria mezani kabla ya kutia mafuta. Sababu ni kile kiwango cha kushika moto, joto ambalo mvuke wa mafuta unaweza kudaka cheche: machungwa na mkaratusi huwa karibu na nyuzi 50 tu, lavenda karibu na 70, yujenoli inapita 100. Wengi hudhani joto hilo likifikiwa mafuta hutoweka papo hapo. Sivyo. Yakishachanganyika na nta hayatoweki kwa dakika mbili, lakini mvuke wake karibu na moto wa gesi ni jambo la kuepukwa.

Yale mepesi subiri nta ishuke hadi nyuzi 70 ndipo uyatie. Usishuke zaidi, maana nta iliyopoa haiyapokei mafuta, hukaa kama vifuko ndani yake na baadaye hutoka. Koroga polepole dakika mbili nzima kwa saa, si kwa makisio, ukipitisha mwiko chini na pembeni. Mimina kwenye nyuzi 60 hadi 65 ndani ya glasi nene iliyopashwa joto kidogo. Glasi nyembamba za juisi hupasuka, na vifuu vya nazi, ambavyo tunaviona vikiuzwa kwa wingi kwa watalii, huvuja kwenye nyufa na vinaweza kushika moto mshumaa ukifika chini. Kisha ufunike na uuache. Soya huhitaji wiki moja hadi mbili kabla ya kuwashwa, parafini siku tatu. Anayewasha jioni ile ile atasikia nusu ya harufu na kuanza kulaumu chupa.

Makosa yanajionyesha wenyewe ukijua pa kutazama. Vishanga vya mafuta juu ya nta, saa nane mchana chini ya bati, vinavyong'aa kama jasho kwenye paji la uso: mafuta yamezidi uwezo wa nta, au nta ni laini kwa joto la hapo. Vifute kwa karatasi kavu kabla ya kuwasha, na toleo lijalo punguza asilimia moja au ongeza nta ya nyuki. Moto mdogo unaozama kwenye kisima katikati huku pembeni nta ikibaki nzima: utambi ni mwembamba kwa upana wa glasi, au mwenye mshumaa aliuzima mapema mara ya kwanza. Mara ya kwanza lazima uwake mpaka dimbwi lifike ukingoni, saa mbili hadi tatu, la sivyo utafuata kisima kile kile siku zote. Masizi kwenye mdomo wa glasi na kichwa cheusi kama uyoga juu ya utambi: utambi ni mnene au mrefu, ukate ubaki milimita 5. Moto uliokuwa mzuri siku ya kwanza ukadhoofika siku ya tatu: mafuta mazito yameziba utambi, chukua ulio mkubwa kwa namba moja. Harufu nzuri ya nta baridi isiyosikika ikiwaka: mafuta ni mepesi mno, au yalitiwa nta ikiwa ya moto kupita kiasi. Jaribu tambi tatu tofauti kwa mchanganyiko mmoja, saa tatu kila moja, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati. Anayebadilisha utambi, mafuta na glasi kwa pamoja hatajua kilichomponya wala kilichomwangusha.

Je, lavenda inatuliza kweli? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kagoshima, Japani, walichapisha utafiti wa panya waliovutishwa mvuke wa linalooli, kiungo kikuu kimojawapo cha lavenda. Wasiwasi wa panya ulipungua. Lakini panya walioondolewa uwezo wa kunusa hawakutulia. Njia ilipita puani. Ule ulikuwa utafiti wa panya ndani ya kisanduku, hautoshi kumwambia mteja kwamba mshumaa unatibu kukosa usingizi au shinikizo la damu, na tunawasihi wenzetu waache kuandika hivyo. Ila unatukumbusha jambo ambalo kila bibi wa pwani analijua: harufu hufanya kazi kwa mwenye kuinusa. Kwa mtu aliyekulia Mkoani au Lamu, lavenda inaweza kuwa harufu ya dawa ya kusafishia choo tu, na mrehani uliofungwa kwenye kikuba ukamrudishia mapaja ya mama yake. Kabla ya kununua lita ya chochote, mpe atakayelala na mshumaa huo vipande vitatu vya karatasi vyenye tone moja moja, bila kumtajia majina, na umwangalie anakirudia kipi.

Kwa watu wenye pumu hakuna mafuta ya kutuliza tunayoweza kuyathibitisha, ya asili wala ya kiwandani. Wao wapewe mshumaa usio na harufu, au waachwe na dirisha wazi. Mtoto mchanga asilazwe chumba kimoja na mshumaa wa mafuta tete. Paka nao wana ini lisiloweza kuichakata vizuri yujenoli na jamii yake, hivyo nyumba yenye paka ipunguziwe karafuu na mdalasini. Moto ukishika nta ndani ya sufuria usimwagie maji, utarushiwa usoni: zima jiko, funika kwa kifuniko, usiinue mpaka ipoe. Na mshumaa wa usingizi huzimwa kabla ya usingizi. Washa saa moja kabla ya kulala, zima, harufu itabaki chumbani.

Ombi letu kwa wauzaji ni lebo yenye jina la mmea kwa Kilatini, sehemu iliyokenekwa, nchi ilikotoka, namba ya toleo, kiwango cha kushika moto, na neno moja la ukweli: tete, manukato, au yamezimuliwa. Kwako wewe, Mhariri, tunaomba kanuni yoyote ya mshumaa utakayochapisha iwe na gramu za nta, gramu za mafuta, joto la kutia, joto la kumimina, upana wa glasi na siku za kungoja. Ikikosa hata moja, mrudishie mwandishi.

Ni sisi,
Watengenezaji wa mishumaa,
Mjini Unguja